Bedford ya Isiolo

Juzi kijana wangu kaniuliza mbona lori iliyokuwa inavutwa barabarani ilikuwa imelaza propela yake, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya giaboksi kwa magurudumu, nyuma kwa bodi, na mimi hapo hapo nikawa niko Isiolo, chini ya ile Bedford MJ.

Mjomba aliitwa aivute hadi Nanyuki. Lori kuukuu ya jeshi, forwili, yaani inavuta kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, injini imekufa. Mwenye lori amesimama kando anasema wekeni gia nyutro tufunge chuma cha kuvutia twende, jua linazama. Mjomba hakubishana, akaniambia, "Kijana, leta mawe." Tukabana magurudumu kwanza, maana propela zikitoka, hata ukiingiza gia lori haishikwi na kitu.

Tukalala chali, vumbi na mafuta ya zamani shingoni. Kabla ya kugusa nati akachukua patasi akapiga alama mbili, moja kwa propela, moja kwa flanji inapofungwa, ndio irudi vile ilikuwa, ikikaa vingine itatetemeka. Bolti tatu zikatoka, ya nne ikakataa kabisa. Akaimwagia dizeli, akangoja, akaigonga polepole, akangoja tena, na huku akinieleza kwa sauti ya chini kwamba nyutro peke yake haitoshi, magurudumu yanazungusha propela, propela inazungusha gia za transfa, ile giaboksi ya kugawa nguvu mbele na nyuma, na injini ikiwa imezima kuna mashafti yanasimama hayarushi mafuta, beringi zinakauka, zinaungua njiani na wewe uko mbele husikii kitu. "Usinitazame mimi, tazama propela." Bolti ikaachia, chuma yote ikanijia kifuani, na mkono wake ulikuwa umeshafika pale chini kuipokea.

Ya mbele ilitoka haraka. Tukafunga chuma kigumu, kamba hapana, kwa sababu upepo wa breki hutoka kwa injini, na injini ikiwa imekufa lori haiwezi kujizuia isitugonge nyuma. Tukapanda Timau gizani, kila tukisimama mjomba anashika habu kwa kiganja kusikia kama zimepata moto. Nanyuki tulifika usiku.

Mwenye lori mpaka leo anasema tulimpotezea jioni bure. Giaboksi haikuungua, kwa hivyo hakuna kitu cha kumwonyesha, na mjomba hakuwahi kulalamika hata siku moja. Ni mimi tu bado inaniuma, na sijui ningemwambia nini huyo mwenye lori akanielewa.