Idi pili, kwenye treni ya mizimu

Ramadhani ya mwaka 2013 binti yangu Zuhura alikuwa na miaka mitano, na alifunga siku 11, nusu nusu. Anaamka daku macho yamefumba, anakula vijiko vitatu, anavumilia mpaka adhana ya adhuhuri, ndipo mama yake anampakulia. Kwa mtoto wa umri ule hiyo si kazi ndogo. Na ujira wake alishautaja siku ya kwanza, kabla hata njaa hajaionja: Idi pili apelekwe kwenye treni ya mizimu, ile ya kutishana gizani kwenye uwanja wa michezo ya watoto.

Habari za treni alizipata kwa Hamisi, mtoto wa dada yangu. Hamisi alikuwa na miaka kumi, ameshaingia mara moja, na kila jioni alisimulia barazani kwetu Mbagala, kila siku mzimu mmoja zaidi. Lililomkaa Zuhura kichwani ni la mwanamke asiye na miguu. "Unamwona kabisa," Hamisi anasema, "lakini na ukuta unauona, unapita tumboni mwake."

Nilikubali haraka. Nilikuwa nimerudi kazini nimechoka, nikasema "ndiyo, mama, Idi pili," nikaendelea kufungua viatu. Asubuhi nikamsikia akimhesabia mama yake siku zilizobaki.

Aliyepinga ni mama yangu mzazi, ambaye wakati ule tulikuwa tukikaa naye. Bibi ni mtu wa Ng'ambo, Unguja, na mwaka 1995, Zanzibar ilipochafuka kwa habari za Popobawa, pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku vyumbani mwao, alikuwa kule. Alinikumbusha siku hiyo tukisubiri futari.

"Watu wazima, mwanangu, wenye ndevu zao, wamelala uani kwenye mikeka, moto umewashwa, hakuna anayethubutu kuingia chumbani mwake. Na mimi nilikuwemo. Uliza nani kamwona. Hakuna. Hofu haingoji kuona." Akageuza sambusa kwenye mafuta. "Sasa weye unataka kulipa pesa mtoto akatiwe hofu. Kuingia ni dakika tatu. Kutoka je?"

Sikuwa na jibu. Sisi wengine tuliolelewa Dar tulitishwa kwa mumiani. Usitembee peke yako, mumiani watakunyonya damu. Na kwa kuwa wazee wetu waliwahusisha mumiani na wazimamoto tangu enzi za mkoloni, mimi nilikuwa na miaka 12 bado gari jekundu likipita navuka barabara. Hakuna aliyewahi kunikalisha chini akaniambia halina kitu. Kwa hiyo niliposikia neno la mama, sikulichukulia kuwa uzee.

Mama Zuhura yeye hakukataa wala hakukubali. Aliuliza swali moja tu usiku tukiwa wawili: "Anataka kuingia, au anataka kuwa kama Hamisi?"

Nikaamua niende mwenyewe kwanza. Huwezi kumnunulia mtoto kiatu bila kuingiza mkono ndani ukapapasa kama kuna msumari. Jumamosi moja ya mwisho mwisho wa mfungo nilimaliza kazi mapema upande ule wa pwani, nikapita kwenye uwanja wenyewe wa michezo. Hapakuwa na watu. Kijana wa tiketi alinishangaa, mtu mzima na koleo mfukoni anaomba kupanda peke yake, lakini alipokea pesa akanipeleka.

Ni vibehewa vinne, kila kimoja watu wawili, kwenye reli nyembamba. Ukikaa, kijana anashusha bomba la chuma mapajani, linalia *ka!*, linajifunga. Nililitikisa. Halikucheza hata kidogo. Mlango wa mbao unasukumwa na kibehewa chenyewe, unajifunga nyuma yako kwa kishindo, na hapo ni giza tupu.

Nilikaa kama mkaguzi. Mifupa inayong'aa: taa ya zambarau, ile inayofanya shati jeupe liwake. Maiti inayocheka: mota ya feni na spika. Kelele ndizo zilizonitia wasiwasi kuliko sura, kwa sababu spika moja ilikuwa usawa wa sikio la mtoto, nikaiweka akilini, kwamba pale nitamziba masikio. Buibui wa nyuzi wanaogusa uso. Kisha kona ya mwisho, yule mwanamke.

Mimi ni fundi wa vioo na alumini. Kazi yangu ya kila siku ni kukata kioo, kubeba kioo, kukipachika kwenye fremu na kukipaka silikoni. Nilipomwona yule mwanamke anaelea, ukuta ukipita tumboni mwake, jicho halikwenda kwake. Lilikwenda pembeni, likaona mstari wa kijani, ule ukijani ambao kioo cha kawaida unao ukikitazama ubavuni. Kioo kizima kimesimamishwa mshazari mbele ya chumba cheusi, na sanamu yenyewe imefichwa kando, inamulikwa na taa kali. Unachokiona ni taswira yake. Nilicheka peke yangu gizani.

Baadaye nilisoma kwamba ujanja huo ni wa zamani. Mwaka 1862 John Henry Pepper aliuonyesha jukwaani London, akiendeleza wazo la mhandisi Henry Dircks, na hadi leo Wazungu wanauita mzimu wa Pepper. Kule California, Disneyland wana jumba la mizimu lililofunguliwa mwaka 1969, na mizimu inayocheza dansi katika ukumbi wake ni kioo hicho hicho, ila kikubwa mno. Jumba lile halimpimi mtoto urefu. Mzazi anaambiwa kuna giza na vitisho, basi, aamue mwenyewe. Huku kwetu palikuwa na kipimo, ubao uliochorwa mstari mwekundu, na nilivyokaa mle ndani nilielewa mstari ule unapima nini: kama mapaja ya mtoto yanatosha bomba limshike. Haupimi kingine chochote.

Nilitoka nimeridhika. Na kwa moyo mweupe kabisa nasema, kilichoniridhisha kuliko vyote ni lile bomba.

Usiku wa Jumatatu umeme ulikatika baada ya futari, nikaona hii ndiyo nafasi. Nilimwita Zuhura dirishani sebuleni, nikawasha mshumaa, nikausimamisha kwenye meza ndogo hatua moja kutoka kwenye kioo. Nje kulikuwa kweusi.

"Tazama uani. Unaona nini kwenye mpapai?"

Akatazama. Mshumaa ulikuwa unawaka chini ya mpapai, wenyewe, haushikwi na mtu.

Alininyamazia, akachomoka, akafungua mlango, nikamsikia anazunguka uani kwa ndala. Sauti ikaja kutoka gizani: "Haupo! Baba, haupo!" Akarudi ndani: upo. Akatoka tena: haupo. Nilimweleza kwamba kioo hupitisha mwanga karibu wote, lakini hurudisha kidogo sana, hata sehemu kumi katika mia haifiki. Mchana hicho kidogo kinamezwa na jua la nje. Usiku nje kukiwa kweusi, ndicho pekee kinachoonekana. Na kinaonekana kama kiko mbali upande wa pili, kwa umbali ule ule ulioko huku. Sijui alishika kiasi gani. Alichofanya ni kwenda kumleta Bibi kwa mkono, akamsimamisha pale pale nilipomsimamisha yeye, akamwonyesha mshumaa wa uongo. Bibi akatazama sana. "Ala," akasema. Halafu akaleta mwanasesere wa Zuhura, akamsogeza mbele ya mwanga, na kule kwenye mpapai mwanasesere akatokea anapunga mkono. Walicheza hivyo mpaka mshumaa ukaisha.

Kabla ya kulala Zuhura alikwenda msalani, mlango wazi kama kawaida yake ya siku zile, akiniita kila baada ya muda ahakikishe nipo. Hiyo ilikuwa tangu mwezi wa tano, alipojifungia kwa bahati mbaya chooni shule ya awali na kitasa kikagoma. Tulikuwa tumeshaizoea. Nilimwitikia, huku akili iko kwenye kioo, nikijiambia mtoto huyu yuko tayari.

Idi pili tulikwenda wote. Zuhura alivaa gauni la rangi ya chungwa na viatu vile vilivyokuwa vinawaka taa kisiginoni ukikanyaga, na njia nzima kwenye daladala alikanyagakanyaga ili viwake. Uwanja ulifurika. Nguo mpya kila kona, hina, ubuyu, watoto wenye pesa za mkono wa Idi ngumini. Foleni ya treni ilituchukua karibu saa nzima, na muda wote huo mizimu ilikuwa inapiga kelele ukutani huku Zuhura akimfundisha mtoto asiyemjua habari za mshumaa wa uongo. Kwenye ubao alipita, vidole viwili juu ya mstari. Nikamuuliza mara ya mwisho, nimechuchumaa tutazamane. "Twende," akasema.

Hamisi alikaa kibehewa cha kwanza na mtoto mwingine. Sisi cha pili. Kijana akapita anashusha mabomba, moja, jingine. La kwetu likashuka. *Ka!*

Zuhura aliliangalia. Akaweka mikono yote miwili juu yake, akasukuma. Akasukuma tena.

"Baba, fungua."

"Litafunguliwa tukimaliza, mama. Linatushika tusi—"

"Fungua!"

Ile haikuwa sauti ya deko. Uso wake ulikuwa umekuwa mwingine, hauna damu. Miguu ilianza kupiga kibehewa na taa za viatu zikawa zinawaka zinazima, zinawaka zinazima. Hata mlango wa mizimu alikuwa hautazami. Alikuwa anatazama chuma. Na mimi, ambaye nilikagua kila kitu mle ndani, nikakumbuka kitasa cha chooni.

Kijana wa mtambo alishaweka mkono kwenye swichi. "Haina shida, bro, wote wanalia mwanzoni. Akifika kona ya kwanza ananyamaza." Nyuma yetu mtu akasema twendeni, jua linachwea. Na naandika hili kwa sababu ya zile sekunde chache, kwamba nilifikiri. Nilifikiri zile siku 11. Nilifikiri akishuka sasa atajuta, Hamisi atamcheka, na pengine kijana anasema kweli, wanaona watoto wengi. Mkono wangu wenyewe ulikuwa juu ya bomba, na nadhani kwa kitambo kidogo ulikuwa unalibonyeza.

"Zima," nikasema. "Fungua hili."

"Bro, itabidi nifungue yote—"

"Fungua yote."

Yakafunguka yote kwa pamoja. Nilimnyanyua, nikashuka naye, mikono yake shingoni kwangu imekaza hata kola ikanikaba. Vijana wawili wakaruka kwenye nafasi yetu. Mabomba yakashuka tena, mlango ukapigwa, treni ikamezwa.

Bibi alikuwa kwenye benchi chini ya mkungu, na mfuko wa ubuyu. Hakusema "nilikwambia." Alisogea tu, akampisha akae katikati yetu. Zuhura alilia kidogo, kilio cha kumalizikia, kisha akageuka akatazama upande wa pili wa lile banda, kwenye mlango wa kutokea.

"Wameingia wanane," akasema.

"Ndiyo."

"Hamisi yumo."

"Yumo."

Akasubiri. Mlango ulipofunguka na treni ikatoka, Hamisi mikono juu akipiga mayowe ya ushindi, Zuhura hakumpungia. Alikuwa na kidole hewani, anahesabu vichwa. "Sita, saba, nane." Akashusha pumzi, akaomba ubuyu.

Nilidhani imekwisha. Lakini safari iliyofuata akahesabu tena wanaoingia, akahesabu wanaotoka. Na iliyofuata. Hamisi alikuja akataka kumsimulia, akaambiwa angoje. Mama Zuhura akaniuliza kwa macho kama tuondoke, nikatikisa kichwa. Tulikaa pale safari sita, kivuli cha mkungu kikirefuka kuelekea baharini.

Katika ile ya sita waliingia wanane. Treni ikatoka.

"Sita, saba." Akarudia toka mwanzo. "Saba, baba."

Alishuka kwenye benchi. Alikwenda mwenyewe mpaka kwenye uzio wa reli, hatua 20 hivi, visigino vinawaka, akasimama kwenye ncha za vidole akachungulia kibehewa cha mwisho. Mle alikuwamo mama mmoja amejitanda kanga. Bomba likafunguka, mama akajifunua, na chini ya kanga kikatoka kichwa cha mtoto mdogo, nywele zimesukwa mpya za sikukuu, anapepesa macho kwenye mwanga.

Zuhura akageuka kutuangalia.

"Nane!"