Alama 42 kwenye kalenda

Majibu ya mwanangu yametoka leo: vitamini D nanogramu 31 kwa mililita. Nimeyasoma mara mbili nikiwa bado nimekaa kwenye benchi, nikaomba nakala.

Miezi 5 iliyopita alikuwa na 11, na chini ya 20 huhesabiwa ni upungufu. Ana miaka 10, uzito wake umepita kiasi kwa muda mrefu. Alikuwa akilalamika miguu inamuuma usiku, nami nikidhani ni kukua tu. Akaandikiwa yuniti 2000 kila siku kwa wiki 6. Nilimpa zote, na kila kidonge nikakipigia alama ya penseli kwenye kalenda ya ukutani. Alama 42, hakuna siku tuliyoruka. Tulipopima tena: 15.

Mhudumu aliyetusomea majibu aliniangalia akauliza, "Mama, una uhakika mtoto anakunywa dawa?" Kisha akamgeukia mwanangu, akamwambia apunguze kula, atoke nje acheze juani. Mtoto akainamisha kichwa. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma kuliko lile swali.

Daktari wa pili ndiye aliyenielewesha. Vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta. Iwe imetoka juani au kwenye kidonge, ikiingia mwilini husambaa katika mafuta yote, na mtoto mnene ana pa kuiweka pengi, kwa hiyo inayobaki kuzunguka kwenye damu ni kidogo. Chumvi ya kijiko kimoja, alisema, hukolea kwenye sufuria ndogo, kwenye sufuria kubwa huisikii. Kumbe mwanangu alikuwa anakunywa dawa vizuri kabisa! Mwongozo wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, wa mwaka 2011 ulishaandika kwamba wenye unene uliopitiliza huhitaji mara 2 hadi 3 ya dozi ya wenzao wa umri ule. Nilitamani yule wa kwanza angelijua hilo kabla ya kuuliza alichouliza.

Daktari huyo wa pili akampandishia hadi 4000, anywe pamoja na mlo wenye mafuta kidogo ili ifyonzwe vizuri. Lakini kwanza alipima kalsiamu, na akanikataza kabisa kuongeza dozi kwa kukisia. Wazazi wenzangu, hapo nawaomba msikilize. Vitamini D haitoki na mkojo kirahisi kama vitamini C. Ikirundikana hupandisha kalsiamu kwenye damu: mtoto anashikwa na kiu isiyokatika, anatapika, anafunga choo, na figo zinaweza kuumia. "Mara 2 hadi 3" ni maneno ya kusikia kwa daktari mwenye majibu ya vipimo mkononi.

Haijampunguza uzito, na hatukuahidiwa hivyo. Maumivu ya usiku yamepungua, ingawa siwezi kuapa ni vitamini peke yake. Sasa anashuka kwenye dozi ya kutunza kiwango, nayo bado itakuwa kubwa kuliko anayokunywa kaka yake.

Njiani kurudi nilimweleza habari ya sufuria mbili. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mama, halikuwa kosa langu?"

"Halikuwa kosa lako hata siku moja."

Jioni hii ameichukua penseli mwenyewe, akapiga alama ya leo.