Presha ya macho na kazi ya Excel: nilivyoifanya kompyuta isomeke tena

Mimi nina presha ya macho (glakoma), ugonjwa unaokula uwezo wa kuona, na mwenye nayo anajua, kilichopotea hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Kazi yangu ni hesabu za saccos, kutwa nzima niko kwenye Excel, ikafika mahali 3 na 8 naziona kitu kimoja na hizo ni hela za watu jamani.

Fundi mmoja alinishushia rizolusheni, yaani idadi ya nukta zinazochora picha kwenye skrini, maandishi yakawa makubwa kweli ila yana ukungu, macho yanachoka mara mbili. Dawa yake ni kuiacha rizolusheni ileile skrini iliyotoka nayo halafu upandishe Scale (ukubwa wa maandishi na vitu vyote kwenye skrini), kwenye Windows unaingia Settings, System, Display, mimi nimeweka 150%, herufi kubwa na zimekolea vizuri. Ukitaka maandishi peke yake nenda Accessibility, Text size, inafika mpaka 225%.

Lakini kwangu kilichokuwa kinaumiza zaidi ni ule weupe wa kioo, ikifika saa nane mchana machozi yananitoka. Bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen kwa pamoja, kompyuta itakuuliza, ukikubali nyuma panakuwa peusi maandishi meupe, aisee nilipumua. Ila ujue ukiwa humo rangi za seli za Excel hazionekani, sisi tulikuwa tunawapaka nyekundu wanaochelewesha marejesho, sasa nimeongeza safu naandika kabisa "amechelewa", na hata wenzangu ofisini wameipenda maana ukiprinti nyeusi na nyeupe bado inasomeka.

Halafu mshale wa mausi. Ugonjwa huu mara nyingi unaanza kula pembeni, kwahiyo mshale ukikaa kona huuoni, unatikisa mausi wee mpaka basi. Hukohuko Accessibility unaukuza na kuupa rangi, wangu ni njano, na kwenye setingi za mausi kuna sehemu ya kuwasha ili ukibonyeza Ctrl viduara vinakuonyesha ulipo, hii iwashe leo leo.

Stakabadhi zilizoskaniwa ndio bado ngumu, zile natumia kikuzaji, kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha, kuzima ni Windows na Esc, nasoma tarakimu moja moja, polepole, ila nasoma mwenyewe.