Kituo cha skii kwa mtu mzima anayeanza: anza na ule mteremko mdogo

Vituo vya skii, yaani mahali pa kuteleza juu ya theluji kwa mbao nyembamba zilizofungwa miguuni, hujisifu kwa kilomita. Trois Vallées ya Ufaransa inatangaza njia za kilomita 600, na mtu anayelipia wiki yake ya kwanza huona heri apewe nyingi kwa hela yake. Lakini mtu mzima ambaye hajawahi kuvaa skii atashinda siku mbili tatu za mwanzo kwenye kipande cha mita mia moja au mia mbili, na wiki ikiisha atakuwa amezoea njia tatu au nne tu. Unacholipia hasa ni hicho kipande na njia rahisi inayokifuata. Kilomita zilizobaki ni za wenzako.

Kwa hiyo, kabla ya kutazama picha za hoteli, fungua ramani ya njia. Ufaransa hupanga njia, kutoka rahisi hadi ngumu kabisa, kwa kijani, buluu, nyekundu na nyeusi. Austria na Ujerumani huanzia buluu, na kwa kawaida buluu yao haivuki mwinuko wa asilimia 25. Ufaransa kila kituo hupanga rangi kwa kulinganisha njia zake chenyewe, hivyo kijani cha kwenye milima mikali chaweza kukutoa jasho kuliko buluu ya kituo jirani. Rangi pekee haitoshi.

Tafuta eneo la wanaojifunza. Limezungushiwa uzio, au wenye kasi wanakatiza katikati yake? Limeishia kwenye tambarare ambapo skii zinasimama zenyewe? Mtu ambaye bado hajajua kufunga breki anahitaji sana hiyo tambarare. Kisha angalia lifti zake, yaani mitambo ya kupandisha watu mlimani. Siku ya kwanza hakuna kinachoshinda mkanda unaotembea: unapanda, unasimama, unafika. Lifti ya kuburuta ina fimbo yenye kisahani kinachopita katikati ya mapaja, na wageni wengi hukikalia kama stuli, wakaishia chini. Kazi yake ni kuvuta, haibebi mtu. Simama wima, legeza magoti, weka skii sambamba, uiache ikuvute. Kituo ambacho wanaoanza wana lifti za kuburuta peke yake kitakumalizia nguvu kabla hujajifunza kugeuka.

Swali linalosahaulika ni la kushuka. Vituo vingi huweka eneo la wanaojifunza juu, penye theluji ya uhakika, na kijiji kiko chini kabisa. Hilo si tatizo iwapo magari ya waya, yale yanayoning'inia hewani kwenye kebo, yanarudisha watu chini jioni. Lakini kama njia ya kurudi ni nyekundu, au ni buluu nyembamba inayoshukiwa na kituo kizima saa kumi jioni, theluji imeshakwanguliwa ikabaki barafu, hapo ndipo watu huumia. Val d'Isère inajulikana kwa hilo. Ina eneo zuri la wanaojifunza kijijini, lakini ukishapanda juu, njia za kurudi ni ngumu; mojawapo, La Face, ndiyo iliyotumika kwa mbio za kushuka za wanaume kwenye Olimpiki ya 1992. Maneno kama “hoteli iko mlangoni pa njia” nayo yasomwe kwa uangalifu: njia ya rangi gani? Hoteli iliyo kando ya njia nyekundu, kwako wewe ni hoteli ya kupanda ngazi umebeba skii begani, miguuni una viatu visivyokunjika.

Kwa mtazamo huo, Alpe d'Huez ni chaguo jema. Kijiji kiko mita 1,860, na juu yake tu kuna uwanda mpana wa njia za kijani ambao mtu anaweza kuutumia wiki nzima. Obergurgl ya Austria, mita 1,930, ni ndogo na tulivu, theluji yake hudumu, ila bei si ya mchezo. Cervinia ya Italia, mita 2,050, ina njia pana na ndefu zisizo na mwinuko mkali. Ubaya wake ni upepo, ambao hufunga lifti za juu. Soldeu, Andorra, inasifika kwa shule yenye walimu wengi wanaozungumza Kiingereza, na eneo lake la wanaojifunza, Espiolets, liko juu kwenye kituo cha magari ya waya. Bansko ya Bulgaria ni nafuu kwa chakula na malazi, lakini mji uko chini na karibu watu wote hupandia gari la waya lilelile, kwa hiyo asubuhi za msimu foleni inaweza kula sehemu ya somo. Chamonix iache kwanza: maeneo yake yametawanyika bondeni, unaunganisha kwa basi, na sifa zake ni za waliokwisha kujua.

Wakati nao una uzito. Likizo za shule za Ufaransa hugawanywa kwa kanda tatu, zikajaza karibu Februari nzima. Januari, baada ya mwaka mpya, kuna nafasi na bei hushuka, ila baridi ni kali. Machi jua ni zuri, lakini theluji iliyoyeyuka mchana huganda usiku, na asubuhi, saa ya somo, unakuta barafu. Anayeanza hajui kuuma barafu kwa kingo za skii, anateleza tu. Ukienda Machi, usiende chini ya mita 1,800.

Shuleni uliza kama kuna kikundi cha watu wazima wasiojua kabisa, kwa lugha yako. Wasomaji wa Kongo na Burundi wana Kifaransa, wamerahisishiwa. Uliza pia kinaanza siku gani. Mara nyingi ni Jumapili au Jumatatu, na ukifika Jumatatu jioni umekosa somo la kufunga breki.

Kwa aliye Uingereza na pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda, kuna viza. Andorra haimo kwenye Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na haina uwanja wa ndege ndani ya mipaka yake. Unapitia Hispania au Ufaransa, na ukirudi huko unahesabiwa kuingia Schengen mara ya pili. Viza ya kuingia mara moja haitoshi. Bulgaria iliingia Schengen kikamilifu Januari 2025, kwa hiyo maelezo ya zamani kuhusu viza yake yapuuze.

Pasi ya lifti ya eneo zima usiinunue mapema. Vituo vingi vya Ufaransa vina lifti za bure kwa wanaoanza, au pasi ya bei ndogo. Pasi ya eneo zima ya siku sita ya Trois Vallées inapita euro 300. Kata bima inayotaja skii na uokoaji mlimani, kwa sababu kadi ya matibabu ya GHIC ya Uingereza hailipii helikopta. Italia, tangu 2022, hutakiwi kuteleza bila bima ya madhara unayoweza kumsababishia mwingine. Kama huna, iulizie unaponunua pasi.