Chatu na Ekaristi huko Bujora

Nilipanda daladala Buzuruga, jijini Mwanza, asubuhi, nikabanwa kati ya ndoo ya dagaa na mwanafunzi aliyesinzia begani kwangu. Njia yenyewe haina makubwa: Igoma, vumbi, na konda anayelazimisha watu wasogee hata pasipo na pa kusogea. Nikashuka Kisesa, nikachukua bodaboda hadi Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma.

Nilikuwa na swali. Papa Urbano wa Nne ndiye aliyeagiza mwaka 1264 kwamba sikukuu ya Ekaristi, iliyoanzia Liège huko Ubelgiji, iadhimishwe na Kanisa zima. Sasa imekuwaje Wasukuma waisherehekee kwa mashindano ya ngoma, na chatu uwanjani?

Mzee wa kunitembeza nilimwamkia, "Mwangaluka, baba." Akaitikia huku akiicheka lafudhi yangu ya pwani, akanipeleka kwanza makumbusho. Nilikwama kwenye silinda ya kuzungusha iliyoandikwa namna za kuhesabu moja hadi kumi. Kila rika lilikuwa na hesabu yake, hivyo vijana wangeweza kutajiana idadi mbele yako usiambulie kitu. Niliizungusha mpaka mzee akakohoa.

Kanisa liko juu kidogo, la mviringo, limepambwa Kisukuma. Lilijengwa miaka ya 1950 na David Clement, padre kutoka Québec, Kanada, ambaye ndiye pia mwanzilishi wa makumbusho.

"Juni watu wameshavuna," mzee akaanza. "Ndio msimu wa ngoma tangu zamani. Na sikukuu inaangukia hapo hapo. Padre angefanyaje, awafukuze?"

Basi ikazaliwa Bulabo, ndiyo hiyo sikukuu ya Ekaristi yenye ngoma. Baada ya ibada, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani tangu karne ya 19, hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi, ndiyo maana chatu huletwa: nani atampa mgongo mtu aliyevishwa nyoka shingoni? Kuna wanaoona huko ni kuchanganya dini na uganga, kwa kuwa waasisi wa vyama hivyo walikuwa waganga. Mimi naona padre alikuwa mjanja kuliko wakosoaji wake.

Nikamuuliza mzee yeye yuko upande gani.

"Mimi Mkatoliki," akajibu, na kabla sijaitikia: "Ila baba yangu alikuwa Bagika. Hao Bagalu wasikudanganye, hawatuwezi."