Ekzosi mpya, kabureta ile ile: nilivyoiseti pikipiki yangu Tanga

Chumvi ya bahari hapa Tanga haina huruma na bati. Ekzosi ya pikipiki yangu, ya Kichina, cc 150 ya kabureta, ilioza kuanzia shingoni, pale inapoungana na injini. Nikaona badala ya kuchomelea kiraka juu ya kiraka, ninunue nzima, ile ya wazi inayonguruma. Kijiweni wakagawanyika: hawa wanasema funga uondoke zako, wale wanasema bila kubadilisha jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopima mafuta, injini itaungua. Mimi nasema plagi ndiyo iulizwe.

Petroli huungua sawasawa pale kilo 1 inapopata hewa kilo 14.7 hivi. Ekzosi ya wazi hutoa moshi kwa wepesi, na silinda huvuta hewa zaidi. Kabureta nayo huongeza mafuta kwa kufuata upepo unaopita, ila vipimo vyake vilipangwa kwa ekzosi ya kiwandani. Ukibadilisha kipande cha nyuma peke yake, mara nyingi hakuna cha kugusa. Ukibadilisha kuanzia shingoni, tena ukaweka na ea klina (chujio la hewa) ya wazi, jiandae kuseti upya.

Yangu ilianza kupiga pa! pa! kila nikiachia mafuta. Fundi wangu wa Ngamiani, mtu mzima, hakukimbilia kabureta. "Mdogo wangu," akaniambia, "hebu kwanza tuone kama shingo haivuji." Akapaka maji ya sabuni pale ekzosi inapoungana na injini, ikiwa bado ya baridi, akaiwasha. Mapovu yakatoka upande mmoja. Hewa ikiingia hapo, mafuta yaliyobaki hulipukia ndani ya bomba, na unaweza kuhangaika na jeti wiki nzima bure. Tukaweka gasketi mpya. Milio ikapungua, haikuisha.

Ndipo tukaiuliza plagi. Alfajiri, barabara ya Horohoro ikiwa haina magari, nikafunga plagi mpya, nikaipeleka gia ya nne mafuta yote wazi, kisha kwa pamoja nikabana klachi na kuzima swichi, nikaacha ijiserereshe hadi kando. Ukiizima kwa kuachia mafuta polepole, rangi utakayoiona si ya mwendo ule. Nilipoifungua, kauri yake ilikuwa nyeupe kama chokaa: mafuta hayatoshi. Ingekuwa na masizi meusi makavu, basi mafuta yamezidi. Inayotakiwa ni kahawia mpauko.

Kabureta ina maeneo yake. Jeti ndogo hushughulikia sailensa, yaani injini ikiwaka bila kuvutwa mafuta, hadi mkono wa mafuta ukifunguliwa kama robo, sindano hushika katikati, jeti kubwa hutawala kuanzia robo tatu hadi mwisho. Tulianza na sindano: klipu inayoishikilia ikashushwa kikato kimoja, sindano ikapanda, mafuta yakaongezeka. Mwendo wa kati ukatulia, lakini mwishoni bado ilikuwa nzito. Fundi akaniambia nivute choki, ile inayozidishia injini mafuta, kidogo nikiwa kasi, ikachangamka palepale. Hiyo ni dalili kwamba jeti kubwa ni ndogo mno. Tukatoa ya namba 100, tukaweka ya 105 yenye tundu kubwa kidogo, basi. Mtu asikuuzie jeti ya 120 eti ndiyo ya spidi. Utainywesha injini petroli na kuosha oili kwenye silinda.

Mwisho ni skrubu ya sailensa, na hapa angalieni sana. Ikiwa upande wa injini, kuifungua huongeza mafuta. Ikiwa upande wa ea klina, kuifungua huongeza hewa, kinyume kabisa.

Wenye injekta badala ya kabureta msidhani mmeokoka. Sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi husahihisha mchanganyiko kwenye sailensa na mwendo wa kawaida. Ukifungua mafuta yote, kompyuta hufuata ramani ya mafuta iliyoandikwa kiwandani. Ekzosi nzima ya wazi inaweza kuhitaji ramani hiyo irekebishwe, na kama ekzosi mpya haina tundu la sensa, usiinunue.

Yangu sasa plagi ni kahawia, na milio ile imekwisha. Nimeipandisha kutoka Muheza hadi Amani bila kukohoa. Huko juu hewa ni nyepesi, mafuta huelekea kuzidi, kwa hiyo jeti inayofaa ufukweni inaweza kuwa kubwa mlimani. Anayekaa Lushoto asinakili namba yangu. Afungue plagi yake aitazame.