Tarakimu 6 zinazokataliwa: jinsi nilivyotatua Chake Chake

Wanachama wa ushirika wa akiba walikuwa wakiandika namba sahihi za kuingilia kutoka kwenye programu ya uthibitisho ya simu, mfumo unazikataa. Kosa lilikuwa saa ya simu. Namba hutengenezwa kwa ufunguo wa siri pamoja na wakati, na hubadilika kila sekunde 30. Simu iliyorekebishwa kwa mkono huku ukanda wake wa saa si GMT+3 (saa za Afrika Mashariki) huonyesha saa sahihi, kumbe hesabu ya ndani imepotoka kwa nusu saa au zaidi.

Niliwasha tarehe na saa otomatiki, nikaoanisha saa ya seva kwa NTP (njia ya kulinganisha saa kupitia mtandao), nikaruhusu hatua moja tu, yaani sekunde 30, mbele na nyuma. Usipanue zaidi, unamrahisishia mwizi kubahatisha. Wala usikimbilie kutuma namba kwa SMS: laini ikihamishwa kwa ulaghai, namba zinamfuata mwizi.